Vicheche Wanaogeuka Weupe na Manyoya ya Ermini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nyuma ya nyumba yangu, ukingoni mwa Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, kuna rundo la kuni, na kila mwaka ikifika Novemba kuna kicheche mweupe anayejiona ndiye mwenye rundo hilo. Nilipiga picha moja tu nikawatumia watu wa nyumbani. Maswali yakaanza siku hiyo na hayajakoma. Haya ndiyo yanayorudi tena na tena, ya wageni wa mambo haya yakiwa mwanzo na ya wabishi mwisho.

## Kumjua mnyama mwenyewe

Ermini ni mnyama gani hasa?

Ni kicheche. Jina la kitaalamu ni *Mustela erminea*. Neno "ermini" hutumika kwa mnyama huyu, hasa anapokuwa mweupe, na pia kwa manyoya yake yakishageuzwa nguo. Wakati wa joto ana mgongo wa kahawia na tumbo jeupe linaloelekea krimu; wakati wa baridi kali anakuwa mweupe kama pamba. Kitu kimoja hakibadiliki mwaka mzima: ncha ya mkia, nyeusi tii.

Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Dume wa Ulaya bila mkia ana sentimita 25 hadi 30 na uzito wa gramu 300 hivi, yaani hafikii pakiti ya sukari ya nusu kilo. Jike ni mdogo zaidi, na wa huku Amerika Kaskazini ni wadogo kuliko wa Ulaya. (Najua mtaani neno "kicheche" lina maana nyingine. Hapa tunaongelea mnyama, tafadhali.)

Ni kicheche mmoja tu anayegeuka mweupe?

Hapana, na hapa ndipo wengi huchanganya. Yuko ermini. Yuko kicheche mdogo, *Mustela nivalis*, ambaye ndiye mla-nyama mdogo kuliko wote katika kundi la simba, mbwa na dubu. Mkia wake ni mfupi na hauna ile ncha nyeusi, labda vinywele vichache tu. Halafu yuko kicheche mkia-mrefu wa Amerika, mkubwa kidogo kuliko ermini, naye ana ncha nyeusi. Wote watatu wanapatikana hapa Alberta. Wataalamu nao hawatulii: mwaka 2021 watafiti walipendekeza ermini mwenyewe agawanywe kuwa spishi tatu, na wengi wa Amerika waitwe *Mustela richardsonii*. Kwa mtu anayechungulia dirishani haibadilishi kitu.

Njia rahisi ya kuwatenga ni mkia. Hauna nyeusi na ni mfupi kama kidole: kicheche mdogo. Una nyeusi na ni kama theluthi ya mwili: ermini. Una nyeusi na unafika nusu ya mwili au kuzidi: mkia-mrefu.

Ana undugu na kicheche wa kwetu Afrika Mashariki?

Ndiyo, ni ukoo mmoja. Kicheche wa kwetu mwenye milia myeupe na myeusi, yule anayenuka ukimkaribia vibaya, nyegere na fisi maji wote ni ukoo huo. Nguchiro siyo, ingawa umbo linadanganya. Yeye yuko karibu zaidi na fisi kuliko na kicheche. Harufu ni urithi wa familia: hata ermini mweupe wa kifalme ana tezi chini ya mkia, na akishtuka anaachia uvundo usiofanana kabisa na bei ya koti lake.

Nimeona panya mweupe gerejini. Kweli si panya?

Mama yangu aliniuliza hivyohivyo kwa simu: "Mwanangu, huko kwenu panya nao wamezeeka mvi?" Kama uko Alberta, uwezekano wa kuwa panya ni mdogo sana, maana jimbo hili limewapiga vita panya wa mjini tangu 1950 na linajivunia kuishi bila wao. Tazama mwendo. Panya hutambaa akifuata ukuta. Kicheche huruka kwa mikunjo, mgongo ukipanda kama daraja, kisha husimama wima kwa miguu ya nyuma na kukutazama usoni kama mtu anayedai kodi. Muache. Kama kuna panya wadogo humo ndani, amekuja kwa ajili yao, na wakiisha ataondoka.

## Kugeuka rangi

Anajuaje kwamba wakati umefika?

Hasomi theluji. Anasoma urefu wa mchana.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta hili halituingii haraka, kwa sababu saa zetu zenyewe zimejengwa juu ya mchana usiobadilika. Tunasema saa moja asubuhi kwa kuwa jua limetoka saa iliyopita, jana, leo na mwakani. Jaribu kuitumia saa hiyo Edmonton: mwishoni mwa Desemba mchana una saa saba na nusu, mwishoni mwa Juni unafika saa 17. "Saa moja asubuhi" ingekuwa inahamahama mwaka mzima. Tofauti hiyo inayotuvuruga sisi ndiyo kalenda ya kicheche.

Macho yanapokea mwanga, na gizani tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini. Usiku ukirefuka, melatonini inakaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, na inazuia homoni nyingine ambazo kwa kawaida huamuru nywele ziote na rangi. Nywele mpya zinaota bila rangi, yaani nyeupe. Mwaka 1969 watafiti Rust na Meyer walichapisha jaribio ninalolipenda: waliwapandikizia melatonini ermini madume msimu wa kurudi kahawia, siku zikizidi kurefuka. Wanyama wale wakaota tena manyoya meupe, na mwili ukakaa kama msimu wa kuzaana haujafika. Waliowekwa kando bila melatonini wakawa kahawia kama kawaida.

Nywele zilezile ndizo zinazopauka?

Hapana. Unywele ukishaota ni kitu kilichokufa. Hauwezi kujipaka rangi. Koti la zamani linadondoka, jipya linaota. Mwezi wa Oktoba weupe huanzia tumboni, unapanda ubavuni, mgongo unafuata, na kichwa ndicho cha mwisho. Machi na Aprili mambo yanageuka: kahawia inaanzia kichwani na mgongoni, tumbo linamalizia. Kwa hiyo kuna wiki ambazo utamwona na kofia ya kahawia juu ya mwili mweupe. Wa kuni zangu niliwahi kumkuta hivyo asubuhi moja, na mstari wa kahawia mgongoni kama mtu aliyepakwa mara moja tu na brashi ya rangi. Mabadiliko ya kuelekea weupe huwa ya haraka. Ya kurudi kahawia yanajivuta.

Akihamishiwa Nairobi, angeendelea kugeuka?

Swali la shemeji yangu, na ni zuri. Nairobi mchana hutofautiana kwa dakika chache tu kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo ishara iliyoelezwa kwenye "Anajuaje kwamba wakati umefika?" haipo. Baridi peke yake haitoshi. Baridi huharakisha au kuchelewesha tu kazi ambayo mwanga umeshaianzisha. Vicheche wa kwetu hawana kalenda hiyo, wala theluji ya kujifichia.

Kwa nini wengine hawageuki kabisa?

Urithi. Ermini wa Scotland hugeuka karibu wote. Wa kusini mwa Uingereza wengi hubaki kahawia, wengine hutoka na mabaka. Wa Ireland ni nadra sana kugeuka. Tena mahali ambapo baadhi hugeuka na wengine hapana, majike hugeuka zaidi kuliko madume. Ukimchukua wa kaskazini ukamfuga kusini, bado atageuka, kwa sababu kipimo chake cha mwanga amezaliwa nacho.

Ncha nyeusi ya mkia haimharibii maficho?

Ingeonekana hivyo: mwili mzima umefichwa, kisha umebandika doa la wino kwa nyuma. Mtafiti Roger Powell alilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 1982. Aliwafundisha mwewe wa kufugwa kushambulia vicheche bandia vinavyokokotwa kwenye sakafu nyeupe. Vile vyenye ncha nyeusi kwenye mkia mrefu viliponyoka zaidi: mwewe alilenga doa, makucha yakafunga hewa au mkia, na "kicheche" akapita. Bandia wasio na doa walikamatwa kirahisi zaidi, na doa likiwekwa mgongoni halikuwaokoa. Hii pia inaeleza kwa nini kicheche mdogo hana ncha nyeusi. Mkia wake ni mfupi mno. Doa lingekaa karibu sana na mwili.

Theluji ikichelewa inakuwaje?

Anakuwa taa inayotembea. Kwa kuwa anafuata mwanga na si theluji, anageuka mweupe tarehe zilezile hata kama ardhi bado ni majani makavu. Msitu wa Białowieża huko Poland una vicheche wadogo wa aina mbili pamoja, wanaogeuka na wasiogeuka. Utafiti uliotoka 2018 ulionyesha kwamba siku zenye theluji hapo zimepungua kutoka takribani 80 kwa mwaka hadi 40 katika miaka 50, na kwamba weupe kwenye ardhi isiyo na theluji huonekana na adui haraka. Hao weupe ndio wanaopungua.

Mwaka mmoja huku kwangu theluji ilichelewa hadi karibu mwisho wa Novemba. Nilimwona akivuka nyasi mita 60 kutoka dirishani, na mimi navaa miwani.

## Maisha yake, kwa kifupi

Anakula nini? Kuku wangu wako salama?

Chakula chake kikuu ni panya wadogo wa porini, ambao huwafuata hadi ndani ya mashimo yao na chini ya theluji. Mwili mwembamba unampa njia hiyo, lakini unapoteza joto haraka, kwa hiyo kila siku lazima ale robo ya uzito wake au kuzidi. Anaweza kumuua sungura mzito mara kadhaa kuliko yeye kwa kumuuma kisogoni.

Kuku hawako salama. Akiingia bandani anaua zaidi ya anachoweza kula, kwa sababu porini ziada huhifadhiwa. Wavu wa kawaida wa kuku hausaidii. Kichwa kikipita, mwili wote umepita. Tumia wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi, na uuzike chini.

Ni kweli mimba yake inachukua karibu mwaka?

Kwa hesabu ya kalenda, ndiyo. Ermini hupandana wakati wa joto, yai lililorutubishwa linakaa bila kukua kwa miezi tisa au kumi, kisha siku zinaporefuka linajishikiza na mimba halisi huchukua takribani wiki nne. Ni mwanga uleule unaorudisha koti la kahawia. Kicheche mdogo hana mambo hayo. Yeye huzaa moja kwa moja, na panya wakiwa wengi anazaa mara mbili kwa mwaka.

## Manyoya na heshima yake

Kwa nini wafalme waliyapenda?

Kwa sababu ni meupe, ni laini, na ni shida kuyapata. Ngozi moja ni kipande chembamba cha urefu wa kiganja na nusu hivi, inafaa tu ikiwa imepatikana katikati ya baridi, na mmoja aliyewahiwa wiki mbili mapema ana mabaka ya kahawia. Joho la kuburuta linataka mamia. Aliyelivaa alikuwa anawaonyesha watu jeshi la wategaji alilonalo huko kaskazini.

Nasema "joho" makusudi. Kama bwana harusi wa pwani anavyolivaa juu ya kanzu na kila mtu akajua leo ni siku ya nani, ndivyo ermini ilivyosema bila mdomo. Wakubwa wa Ulaya waliweka hata sheria: Uingereza mwaka 1363, chini ya Edward III, ilipanga nani avae nini, na ermini ikawekwa mbali na watu wa ngazi za chini. Sheria hiyo ilitaja pia manyoya meupe ya kicheche mdogo, ambayo hayakuwa na nyeusi yoyote.

Vile vidoa vyeusi kwenye joho ni nini?

Ni mikia. Fundi anaunga ngozi nyeupe, kisha anashonea ncha nyeusi za mikia kwa mpangilio. Hakuna mnyama mwenye vidoa mwilini. Pale mikia ilipokosekana, mafundi walitumia vipande vya manyoya meusi ya mwanakondoo, au walipaka rangi kwenye sungura.

Kosa la kudhani mnyama mwenyewe ana vidoa limewaponza hata wachoraji. Kuna picha ya Elizabeth I ya mwaka 1585, iliyoko Hatfield House, ambamo ermini mwenye kola ya taji la dhahabu anapanda kwenye mkono wa malkia, na mwili wake una vidoa vyeusi. Yaani amevaa joho la ngozi yake mwenyewe.

Safu za vidoa zina maana?

Kwa makabaila wa Uingereza siku ya kutawazwa mfalme, ndiyo. Kwenye kipande cha manyoya kinachofunika mabega juu ya joho, kutoka cheo cha juu hadi cha chini, *duke* ana safu nne, *marquess* tatu na nusu, *earl* tatu, *viscount* mbili na nusu, *baron* mbili. Nusu safu! Watu walikaa wakalijadili hilo.

Yule mnyama kwenye picha ya Leonardo da Vinci ni ermini kweli?

Picha hiyo, ya binti aliyempakata mnyama mweupe, ilichorwa karibu 1489 hadi 1491 na iko Kraków, Poland. Binti ni Cecilia Gallerani, na aliyemtunza, Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, alikuwa amepewa nishani ya Ermini na mfalme wa Napoli mwaka 1488. Kwa hiyo maana ni ermini. Umbo ni jambo jingine: mnyama aliyepakatwa ni mkubwa mno, na wengi wanamwona kama fereti mweupe, ndugu wa kicheche anayefugwa. Mimi niko upande wao. Ermini wa porini hakai mapajani ili achorwe.

Je, kweli hufa kuliko kuchafuka?

Hiyo ni hadithi ya Bretagne, Ufaransa: ermini anayekimbizwa anafika kwenye tope, anageuka na kukubali kuuawa kuliko kuchafua koti. Kutoka hapo wakapata kaulimbiu, "bora kufa kuliko kutiwa doa". Mtawala Jean III alifanya vidoa vya ermini pekee kuwa nembo yake mwaka 1316, na bendera ya leo ya Bretagne, iliyobuniwa miaka ya 1920, bado inavyo. Mnyama halisi anaingia mashimo ya panya, anapita matope na kuogelea vizuri sana. Hana habari na kaulimbiu.

Ni Wazungu tu waliothamini manyoya haya?

Hapana. Watlingit wa Alaska na majirani zao wa pwani walining'iniza ngozi nzima za ermini nyuma ya kofia za sherehe za machifu, zikicheza mabegani mtu anapocheza. Wablackfoot, ambao ardhi yao inaingia hapa Alberta, walipamba mashati ya watu wenye cheo kwa vipande vya ermini. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwao mnyama alionekana: ngozi inaning'inia nzima, mkia na vyote.

## Biashara, sheria na mambo ya pembeni

Bado yanauzwa? Wanafugwa?

Yanauzwa, ila kwa biashara ndogo. Anayefugwa kwa wingi kwa ajili ya manyoya ni minki, mnyama wa ukoo huohuo. Ngozi ya ermini ni ndogo na yeye ni mkali, hivyo hutoka kwa wategaji, hasa Kanada na Urusi, kwa leseni na kwa msimu. Hata Ikulu ya Uingereza imepunguza: Charles III alipotawazwa tarehe 6 Mei 2023 alivaa joho lililotengenezwa mwaka 1937 kwa babu yake, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Malkia Camilla hatanunua tena nguo mpya za manyoya.

Yuko hatarini kutoweka?

Kwa jumla hapana. Lakini sheria zipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 1991 inayopinga mitego ya kubana mguu inamtaja ermini kati ya wanyama 13. Uingereza nako mitego ya zamani ya springi hairuhusiwi tena kwa ermini tangu Aprili 2020.

Mbona New Zealand wanamuua?

Kwa sababu walimleta wenyewe. Kuanzia 1884 vicheche waliingizwa ili wapunguze sungura, ambao nao waliletwa na wageni. Ermini akakuta ndege waliozoea kuishi bila mla-nyama wa aina yake, na vifaranga vya kiwi wakawa chakula chake. Tangu 2016 nchi ina lengo la kuwamaliza, pamoja na panya na posamu (wanyama wa mfuko kutoka Australia), ifikapo 2050. Kuogelea kulikotajwa kwenye hadithi ya Bretagne hapo juu ndiko kunakowasumbua: anavuka maji hadi visiwa vilivyokwisha kusafishwa.

Inaruhusiwa kuswali nayo?

Muulize sheikh wako, na mwambie wazi kwamba ngozi imetengenezwa na nywele bado ziko juu yake. Wanazuoni wametofautiana kuhusu nywele hizo.

Nimepata kola ya ermini kwenye mitumba. Nitajuaje kama ni halisi?

Geuza upande wa ndani kabla ya kutazama nje. Manyoya bandia yameshikwa na kitambaa. Ya kweli yana ngozi. Kama mshono wa bitana unafunguka kidogo, hesabu vipande: ermini imeungwa kwa vipande vyembamba, kama upana wa vidole vinne. Kipande kimoja kikubwa kisicho na maungio ni sungura. Kisha vuta nywele kwa upole: za sungura ni ndefu na zinabaki mkononi. Doa nalo lisome kwa kidole. Mkia halisi ni kishungi kilichoshonewa, unaweza kukiinua. La kupakwa limelala pamoja na nywele nyeupe zinazolizunguka, na ukizigawa utaona mizizi yake ni myeupe.

Imegeuka manjano. Niifue?

Usithubutu. Maji yanakakamaza ngozi kuukuu na inapasuka kwenye mishono. Manjano ya uzee hayatoki yote, lakini vumbi na mafuta ya shingo hutoka: chukua unga laini wa wanga wa mahindi, ujaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, usugue taratibu kufuata uelekeo wa nywele, uuache saa chache, kisha uukung'ute nje na kupitisha brashi laini. Itundike kwenye hanga pana mahali penye giza na pakavu, bila mfuko wa plastiki.